Boyzone wanaaga London, mimi niko Busia: nianze na tiketi, viza au ndege?

Swali la msomaji: "Habari ya kazi. Mimi ni mama wa watoto watatu, nina duka la nguo za watoto hapa Busia upande wa Uganda. Boyzone, kile kikundi cha waimbaji wa Dublin, nimewapenda tangu niko sekondari na sasa nimesikia wanapiga shoo ya kuaga London mwezi wa sita mwaka huu 2026. Nina akiba ya shilingi milioni 12 za Uganda, ni mimi nimeiweka polepole. Pasipoti sijawahi kuwa nayo. Kuna broka Kampala ameniambia nimpe milioni 4 atanitengenezea kila kitu mpaka stetimenti ya benki, tena anasema nisiseme naenda muziki, niseme naenda kwa kongamano. Je, ukisema ni muziki wanakunyima? Ninunue tiketi ya shoo kwanza ama viza kwanza? Na hiyo pesa inatosha?"

Jibu:

Dada yangu, kabla ya kitu chochote, huyo broka usimpe hata shilingi. Nitakueleza sababu hapo chini ila nimetaka ulisome hili mapema kabla hajakupigia tena.

Sasa swali lenyewe. Hapana, hawakunyimi kwa sababu umesema muziki. Viza unayotaka ni ile ya mgeni wa kawaida wa Uingereza, inakuruhusu kukaa mpaka miezi 6, na kwenda kutembea au kuona tamasha ni sababu halali kabisa kama vile kwenda kuona ndugu au kwenda kuona mechi. Watu wa hapa kwetu wanaenda pale Emirates Stadium kuangalia Arsenal na wanapewa viza, na shoo yako ni kwa uwanja huohuo, tarehe 5 na 6 Juni, Ijumaa na Jumamosi. Anayekaa na faili yako hajali kama unapenda mpira ama nyimbo za mapenzi za miaka ya tisini. Anajiuliza mambo matatu: huyu mama atarudi kwao? Pesa ya safari ni yake kweli na inaendana na maisha yake? Na hii aliyoandika ni kweli? Kwenye kanuni zao iko kifungu V 4.2, na barua nyingi za kunyimwa ambazo watu wananiletea zinataja hichohicho, yani hawakuamini kama mtu ni mgeni wa kweli atakayeondoka muda ukiisha.

Kwa hiyo kinachokupa viza si tiketi ya Boyzone, ni duka lako la Busia. Hapo ndipo nataka uweke nguvu zako zote.

Wewe una kitu ambacho vijana wengi wanaokuja ofisini hawana. Una biashara, una watoto shuleni, una mahali watu wanakujua. Shida ni kwamba maisha yako hayako kwa karatasi. Mtu wa mpakani anauza kwa keshi na mobile money, mzigo analipa keshi, akiba anaweka kwa sandarusi ama kwa chama, halafu siku ya viza anakimbia benki anaweka milioni 12 zote asubuhi moja. Ukitaka kujua hilo linaonekanaje, chukua stetimenti ya namna hiyo uisome kama mgeni: elfu 40 imeingia, elfu 35 imetoka, elfu 60 imeingia, elfu 55 imetoka, kurasa tatu ni hivohivo, halafu ghafla milioni 8 imeingia wiki moja kabla ya fomu kujazwa, haina jina la aliyetuma wala maelezo. Anayesoma ataamini vipi kwamba hiyo ni yako? Atasema umekopeshwa uonyeshe tu halafu uirudishe, na kweli ndivyo wengi wanavyofanya, ndo maana hawaaminiwi hata wale ambao pesa ni yao halali.

Fanya hivi. Kuanzia wiki hii mauzo ya duka yapitie benki, hata kama ni kidogo, peleka kila baada ya siku mbili tatu, na mzigo ukinunua lipa kutoka kwa akaunti hiyo. Akiba yako usiitupe yote siku moja. Kama imekaa kwa chama ama SACCO, omba barua na rekodi zao zinazoonyesha umeweka kidogokidogo tangu lini, halafu ikihamia benki kuwe na karatasi inayoeleza imetoka wapi. Nenda pia MTN ama Airtel, mtandao wowote unaotumia, uombe stetimenti ya mobile money ya miezi 12 iliyopita, iwe na muhuri. Watu wanaidharau hiyo ila kwa mfanyabiashara wa Busia ndiyo historia yake ya kweli. Ongeza leseni ya biashara ya manispaa, TIN ya URA (namba yako ya mlipa kodi) na risiti za kodi kama unazo, mkataba wa kupanga duka, risiti za fizi za watoto, barua ya LC1 (mwenyekiti wa kijiji). Daftari la mauzo pia lipige picha kurasa chache. Karatasi yoyote iliyoandikwa Kiswahili ama Luganda itafsiriwe kwa Kiingereza, na mtafsiri aweke jina lake, sahihi yake na tarehe.

Na angalia majina! Hili linaua faili nyingi nzuri. Kitambulisho cha taifa kinasema Nabwire, benki inasema Nabwiire, kwa TIN jina la baba limetangulia, kwa mobile money laini iko kwa jina la mdogo wako. Kwetu sisi ni mtu mmoja, kwa anayesoma ni watu watatu. Anza na kitambulisho cha taifa, kile kinachotolewa na NIRA, kama kina kosa lirekebishe kabla ya pasipoti, kwa sababu pasipoti itafuata kilichoandikwa pale.

Pasipoti ya kawaida ni shilingi 250,000, unajaza onlaini kwa tovuti ya serikali passports.go.ug, unalipa, unapewa siku ya kwenda kupigwa picha na alama za vidole. Kwako Busia ofisi ya kanda ya Mbale iko karibu kuliko ile ya Kyambogo, Kampala. Usisubiri, anza mwezi huu, maana bila pasipoti huwezi kugusa kitu kingine.

Sasa tarehe. Viza ya Uingereza unaruhusiwa kuiomba mapema zaidi miezi 3 kabla ya kusafiri, kwa hiyo kwako mlango unafunguka mwanzo wa Machi. Wao wanasema majibu kwa kawaida huchukua wiki 3 baada ya kupeleka alama za vidole kwa kituo chao Kampala, ila karibu na kiangazi cha kwao maombi ni mengi. Mimi ningejaza fomu mwisho wa Machi. Hapo utakuwa na miezi karibu mitatu ya benki iliyotulia pamoja na ule mwaka mzima wa mobile money, na jibu likichelewa mpaka mwisho wa Aprili bado unapumua. Ukingoja Mei utakuwa unaangalia simu kila saa na bei ya ndege inapanda.

Ada nayo, kuanzia Aprili 2025 iliwekwa pauni 127, na huwa wanapenda kuibadilisha mwezi wa Aprili, sababu nyingine ya kuwahi Machi. Kwa pauni moja kama shilingi 4,800 hivi hiyo ni laki sita na kidogo. Wakikunyima hairudi. Na kwa viza ya mgeni hakuna rufaa, unaanza upya na ada mpya.

Kwa mpangilio wa kulipa, hapa wengi wanakoroga. Tiketi ya shoo nunua kwanza, ndiyo, hata kabla ya viza, kwa sababu ndiyo kitu pekee kinachoweza kuisha na pia ndiyo hasara ndogo ukinyimwa. Ila nunua kiti cha kawaida, usichukue zile pakeji za VIP zenye hoteli na chakula ndani. Pitia linki iliyoko kwa tovuti ya kundi lenyewe ama ya uwanja, usinunue kwa mtu wa Facebook anayesema dada yake hawezi kwenda tena. Siku hizi tiketi nyingi ziko ndani ya simu, hutumiwi karatasi, hivo akaunti ifungue kwa jina lako na imeili yako wewe, si ya kijana wa intaneti kafe. Ukinyimwa viza muuzaji hana deni la kukurudishia, ila mara nyingi kuna sehemu rasmi ya kuiuza tena kwa shabiki mwingine, soma masharti kabla hujalipa.

Ndege na hoteli usilipe mpaka viza iko mkononi. Hata serikali ya Uingereza yenyewe inawaambia watu hivyo. Kwa fomu unaandika tarehe unazopanga na mahali unapanga kulala, inatosha. Hoteli unaweza kubuku ile ya kukansel bure.

Nije kwa broka. Kwanza hesabu: pasipoti 250,000, viza kama 610,000, tiketi ya shoo tuseme pauni 100 yani karibu laki tano, ndege tenga milioni 4 kwenda na kurudi, kulala usiku 6 kwa chumba cha kawaida ama hosteli tuseme pauni 60 kila usiku inakuwa milioni 1.7, chakula na usafiri pauni 40 kwa siku kwa siku 7 ni milioni 1.3 na zaidi, bima ya safari laki moja na nusu, na safari zako za Mbale na Kampala laki nne. Hapo ni karibu milioni 9. Kwa hiyo milioni 12 inatosha na inabaki milioni 3 nyumbani. Ukimtolea broka milioni 4 huna safari tena.

Pili, na hii ndiyo inanitisha zaidi. Ukipeleka stetimenti ya kutengenezwa wakaigundua, hawakunyimi tu, wanaweza kukufungia miaka 10 kwa udanganyifu. Na benki wanazipigia, usidhani hawapigi. Kisha nchi nyingine ukiomba viza watakuuliza kama umewahi kunyimwa, itabidi useme ndiyo na useme kwa nini. Haya mambo ya kongamano: kongamano gani? Nani amekualika? Mwaliko uko wapi? Na hata ukipita, ukifika airport London afisa anakuuliza umekuja kufanya nini, unasema kongamano, na ndani ya simu kuna tiketi ya Boyzone. Wewe una sababu ya kweli na nzuri, mtu anakulipisha akuharibie!

Barua yako ya maelezo iwe ukurasa mmoja kwa Kiingereza chepesi. Sema wewe ni nani, duka lako liko mtaa gani na tangu lini, unauza wastani wa kiasi gani kwa mwezi na faida yake, umeweka akiba vipi, unaenda shoo ya tarehe fulani na namba ya oda ni hii, utalala wapi, nani atabaki na watoto, nani atafungua duka, unarudi lini. Usiandike machozi wala usifu nchi yao. Na kiwango cha safari kiendane na faida, mtu anayepata laki sita kwa mwezi akisema atatumia milioni 20 kwa wiki moja hawezi kuaminika. Yako ya milioni 9 kwa akiba ya muda mrefu inaelezeka.

Kitu kingine kuhusu pesa, muhula wa pili wa shule unaanza mwisho wa Mei, wiki ileile unayofunga sanduku. Lipa fizi kabla hujanunua tiketi ya ndege na risiti weka kwa faili. Na mzigo wa duka usiuguse. Kuna wateja wameuza ploti kwa ajili ya shoo, mimi huwa nawakataza waziwazi, kwa sababu shoo ya kuaga ni ahadi ya binadamu. Boyzone wenyewe waliachana 2000, wakarudi 2007, wakaaga tena 2019 kule London Palladium, na leo tunazungumza Juni 2026. Kundi la Westlife waliaga uwanja wa Croke Park, Dublin, Juni 2012, ikifika 2018 wakarudi. Upande mwingine kuna mwimbaji Ozzy Osbourne, aliaga na kundi lake la Black Sabbath uwanja wa Villa Park tarehe 5 Julai 2025 na tarehe 22 mwezi huohuo akafariki. Na wewe unajua vizuri kuliko mimi kwamba tangu mwenzao Stephen Gately alipofariki Oktoba 2009 hakuna atakayewaona wakiwa watano tena. Kwa hiyo hamu yako naielewa, sisi tuliowasikia kwa Sanyu na Capital FM enzi zile tunajua ilikuwaje, na sitakwambia ungoje labda watarudi.

Ila jiandae na uwezekano wa shoo kufutwa. Kundi la Aerosmith walianza ziara ya kuaga Septemba 2023, sauti ya mwimbaji ikaumia, Agosti 2024 wakatangaza hawataendelea kabisa. Mwezi huohuo Taylor Swift shoo tatu za Vienna zilifutwa kwa ajili ya tishio la ugaidi, watu wameshafika mjini. Ikitokea hivo, bei ya tiketi ya shoo inarudishwa, ndege na hoteli hairudi. Ndo maana nakuambia bima uisome kama inagusa kufutwa kwa tukio ama ni matibabu na mizigo tu, nyingi za bei nafuu ni matibabu tu.

Njia ya kwenda. Uganda Airlines ilifungua ndege ya moja kwa moja Entebbe hadi Gatwick Mei 2025, angalia ratiba na bei yake kwanza, kisha linganisha na za kupitia Addis Ababa, Doha, Dubai ama Kigali. Kwa kuwa uko Busia utashawishika kupitia Nairobi, mara nyingine bei ni nzuri, ila ni zaidi ya kilomita 400 za barabara wakati Kampala ni kama 200, na ndege ikikusumbua wakati wa kurudi unajikuta umekwama mji ambao si wako. Mimi ningelipa kidogo zaidi nitoke Entebbe.

Tarehe ya kuondoka fikiria vizuri sana. Tarehe 3 Juni ni siku ya Mashahidi, na mwaka huu ni Jumatano. Barabara ya Jinja kuanzia Mukono mpaka Kireka inajaa mahujaji wa Namugongo tangu siku kadhaa kabla, wengine wametembea kwa miguu kutoka hukohuko kwenu mashariki. Ukisema utatoka Busia tarehe 2 upande ndege usiku, unaweza kukaa Bweyogerere mpaka ndege iondoke. Toka Jumapili tarehe 31 Mei, lala kwa ndugu upande wa Entebbe, ruka Jumatatu ama Jumanne. Utafika na siku tatu mkononi, hata mzigo ukipotea ama ndege ikiahirishwa bado unaiona shoo. Rudi Jumatatu tarehe 8, utafika wakati wa sikukuu ya Mashujaa tarehe 9.

Ukishafika, mambo ni mepesi kuliko unavyodhani. Ukishukia Heathrow, treni ya chini ya ardhi ya Piccadilly inakwenda moja kwa moja mpaka stesheni inaitwa Arsenal, dakika chache kwa miguu kutoka uwanjani. Ukishukia Gatwick kuna treni za Thameslink zinazofika Finsbury Park, na kutoka hapo unatembea. Tafuta pa kulala upande huo wa kaskazini, Finsbury Park ama Holloway, ili usiku usihitaji treni. Uwanja unachukua watu zaidi ya 60,000 kwa mpira, wakitoka wote pamoja foleni ya stesheni ya Arsenal inafika mbali, na mwenye chumba cha kutembea kwa miguu anawapita tu. Mkoba beba mdogo, mkubwa kuliko karatasi ya A4 hawaruhusu. Simu iwe na chaji kamili na tiketi umeshaifungua ukiwa kwenye intaneti ya chumbani, usingoje mlangoni. Soketi zao ni za pini tatu kama zetu, chaja yako inaingia. Sweta beba, jua linazama baada ya saa tatu usiku mwezi huo lakini baridi ya jioni ipo.

Mobile money haifanyi kazi kule, fungua kadi ya Visa ya benki yako na uijaribu hapa kwanza, beba na pauni kidogo za mkononi. Na ukiwa kule usikubali kazi yoyote hata ya siku moja, hata kumsaidia mtu dukani kwake, viza hiyo hairuhusu. Tena usidhani kwamba kwa kuwa Boyzone ni wa Dublin utaruka kidogo uone kwao, Ireland ni viza nyingine.

Wakikunyima, soma barua yao pole pole, wanaandika sababu. Kama ni stetimenti fupi na bado ni Aprili, unaweza kurekebisha na kuomba tena ukiwa na karatasi mpya, ila usirudishe faili ileile ukitegemea bahati, itakuwa ni kuchoma laki sita nyingine. Kama ni Mei katikati, uza tiketi kwa njia rasmi na pesa yako iache benki iendelee kutembea.

Wiki hii nenda NIRA uhakikishe majina, benki uulize kuhusu akaunti ya biashara, na fomu ya pasipoti ijaze. Ukipata tarehe ya Mbale niandikie, pamoja na picha ya ukurasa wa kwanza wa stetimenti ya mobile money, namba za watu uzifiche, nikuangalizie kabla hujafika Machi.